Namna ya Kudumisha Moto Katika Boila ya Kuni ya Nje

Boila ya kuni ya nje ni tanuri la chuma lililozungukwa na maji, ambalo husimama uani, mbali kidogo na nyumba, na kupeleka maji ya moto ndani kwa pampu kupitia mabomba yaliyozikwa ardhini. Maji hayo yakifika ndani huacha joto lake kwenye kibadilisha joto, kisha hurudi kwenye boila yakiwa yamepoa ili yapashwe tena. Mtu aliyezoea jiko la kuni la kawaida huiona boila kuwa ni jiko kubwa tu, akadhani kwamba kazi yake ni kulijaza magogo asubuhi na jioni. Dhana hiyo ndiyo inayozima moto mara nyingi. Katika jiko la kawaida moto hupata hewa wakati wote, ilhali katika boila hunyimwa hewa kila maji yanapofikia joto lililopangwa, na huweza kukaa saa nyingi ukifukuta kabla hewa haijaruhusiwa kuingia tena. Anayetaka moto wake udumu hana budi kuuandaa kwa ajili ya saa hizo, na kinachouvusha si wingi wa magogo, bali ni tabaka nene la makaa mekundu, kuni kavu, na shehena inayolingana na joto ambalo nyumba italitumia.

Jinsi moto unavyoishi ndani ya boila

Boila nyingi za aina hii huongozwa na thamostati inayopima joto la maji. Tuseme imepangwa kufunga hewa kwenye nyuzi 82 za Selsiasi na kuifungua maji yanaposhuka hadi nyuzi 77. Hewa inapofunguliwa, kilango cha kuingizia hewa huinuka au feni huanza kupuliza, kuni huwaka kwa nguvu na maji hupanda. Yakifika nyuzi 82 kilango hujifunga na feni husimama. Tangu hapo kuni hazina hewa ya kuwakia, lakini bado zimelala juu ya makaa yenye joto kali, kwa hiyo huendelea kutoa moshi na gesi zisizoungua. Kuta za chumba cha moto, kwa kuwa nyuma yake mna maji yasiyofika nyuzi 100, ni baridi mno zikilinganishwa na ndimi za moto, na hapo ndipo moshi huo unapoganda ukawa lami nyeusi iitwayo kreosoti.

Hiyo ndiyo hali ya kusubiri. Katika usiku wa baridi kali hudumu dakika chache tu, kwa sababu nyumba hunyonya joto haraka na maji hushuka mapema. Katika siku yenye jua la vuguvugu huweza kuchukua nusu ya siku. Wakati wote huo makaa hupoteza joto lake kwenda kwenye maji yaliyo nyuma ya kuta. Hewa itakapofunguliwa tena, ama makaa yatakuwa bado na nguvu ya kuziwasha kuni upya, ama feni itapuliza juu ya magogo yaliyobabuka nje tu, na kila pumzi ya hewa hiyo baridi itazidi kuyapoza hadi moto ufe kabisa. Hatua zote zinazofuata zinakusudia kufupisha vipindi vya kusubiri, na pale visipoepukika, kuyapa makaa uwezo wa kuvivuka.

Zipo pia boila ambazo moshi wa kuni huvutwa kuelekea chini kupitia tundu jembamba hadi chumba cha pili cha udongo wa tanuri, na humo ukaungua kwa joto linaloweza kukaribia nyuzi 1,000. Boila hizi hutumia kuni kwa uangalifu zaidi na hutoa moshi mdogo, lakini pia hazisamehe kuni mbichi wala tundu lililozibwa na majivu. Mahali ambapo matunzo yake yanatofautiana na ya boila za kawaida yameonyeshwa hapa chini.

Hatua ya kwanza: andaa kuni mwaka mmoja kabla

Hakuna ustadi wa kuchochea unaoweza kufidia kuni mbichi. Mti uliokatwa leo huweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake, na maji hayo yote ni lazima yageuzwe mvuke kwanza kwa joto la moto ule ule unaotaka kuudumisha. Kilo moja ya kuni zenye unyevu wa asilimia 20 hutoa takriban kilowati-saa 4 za joto. Kilo moja ya kuni zenye unyevu wa asilimia 50 hutoa zaidi kidogo ya 2. Si hasara ya joto peke yake. Kuni mbichi hazigeuki kuwa makaa kwa wakati, na katika kipindi cha kusubiri mvuke wake huyapoza makaa machache yaliyopo, huku ukichanganyika na moshi na kuzidisha lami ukutani na katika dohani.

Kwa hiyo pasua kuni mapema, kwa maana maji hutoka kwenye uso uliopasuliwa na kwenye ncha zake kuliko kupitia ganda. Zipange juu ya vipande vya mbao ili zisiguse ardhi, mahali penye upepo, na uzifunike juu peke yake, pande ukiziacha wazi. Miti laini kama msonobari huweza kukauka katika msimu mmoja mzuri wa jua, lakini mti mgumu kama mwaloni mara nyingi huhitaji mwaka mzima na hata miwili. Usikadirie ukavu kwa macho. Nunua kipima unyevu chenye sindano, chukua ukuni kutoka katikati ya rundo, upasue upya, kisha uchome sindano kwenye uso mpya uliofunuliwa. Ukipima kwenye uso wa zamani utapata jibu la kukufurahisha lisilo la kweli. Lengo ni asilimia 20 au pungufu. Kwa maoni yangu kifaa hiki kidogo kina thamani kuliko kingine chochote atakachonunua mwenye boila, kwani humwonyesha tatizo miezi kadhaa kabla halijamfikia.

Kilo kwa kilo, miti laini na miti migumu hutoa joto linalokaribiana. Tofauti iko katika ujazo: mti mgumu ni mzito, hivyo chumba kile kile hubeba joto jingi zaidi, na makaa yake hukaa muda mrefu. Tumia mti laini kuwashia na kuamshia moto, na uuweke mti mgumu kwa ajili ya usiku.

Usiingize katika boila plastiki, takataka, mbao zilizopakwa rangi au dawa, wala magogo yaliyookotwa pwani yakiwa yameloa chumvi. Moshi wake huwadhuru watu wa nyumba yako na majirani, na asidi inayotokana nao hula chuma. Jambo hili halina nafasi ya kujadiliwa.

Hatua ya pili: jenga tabaka la makaa kabla ya kupakia

Kosa la siku ya kwanza ya msimu ni kuwasha vijiti vichache na kisha kutupia magogo makubwa juu yake kwa sababu moto umeonekana kuwaka. Ndimi za moto peke yake si moto wa kutegemewa. Anza na karatasi kavu na vijiti vyembamba, ongeza kuni zenye unene wa mkono wa mtoto, na uziache ziungue mpaka ziporomoke na kuwa makaa. Kisha ongeza awamu nyingine za namna hiyo hadi upate tabaka la makaa mekundu lenye kina cha sentimita 10 hivi, lililotandaa chumba chote. Kazi hii huweza kuchukua saa moja au mbili, na haiharakishwi kwa petroli, mafuta ya taa au spiriti, ambayo mvuke wake ukijaa ndani ya chumba kilichofungwa hulipuka.

Wakati huo maji yote bado ni baridi, na ubaridi huo unaugharimu moto. Mvuke uliomo katika moshi hugeuka maji juu ya chuma baridi, ukachanganyika na lami na kuanza kukila. Ndiyo maana inafaa maji yanayorudi kwenye boila yasikae chini ya nyuzi 55 hadi 60 kwa muda mrefu. Mfumo mzuri huwa na vali ya kuchanganya, ambayo hurudisha sehemu ya maji ya moto moja kwa moja kwenye boila hadi ipate joto. Kama vali hiyo haipo, punguza matumizi ya joto ndani ya nyumba mpaka boila ifikie nyuzi 60, kisha ufungulie nyumba yote. Katika baridi ya kugandisha usiisimamishe pampu kwa muda mrefu ili kupata nafuu hii, kwani mabomba yatakuwa hatarini.

Hatua ya tatu: kadiria shehena

Swali la kujiuliza mbele ya mlango wa boila ni hili: nyumba itahitaji joto kiasi gani kuanzia sasa hadi nitakaporudi tena? Chukua mfano wa nyumba inayotumia wastani wa kilowati 8 katika usiku wa baridi kali. Kwa saa 10 itahitaji kilowati-saa 80. Ikiwa boila, pamoja na mabomba yake, hufikisha ndani asilimia 60 ya joto la kuni, kuni zitatakiwa zitoe kilowati-saa 133 hivi, ambazo ni kama kilo 33 za kuni kavu. Nyumba hiyo hiyo katika usiku wa baridi ndogo, ikitumia kilowati 3 tu, inahitaji kilo 12 au 13. Ukiipakia kilo 33 usiku huo, zile kilo 20 zilizozidi hazitalala salama zikikungoja. Zitafukuta, zitatoa gesi yake yote bila kuungua, zitapaka lami kuta, na asubuhi utakuta chumba kimejaa magogo meusi yasiyo na hata kaa moja hai. Huu ndio mkanganyiko unaowakasirisha wengi: moto umezimika na kuni bado zipo tele.

Huna haja ya kupima kwa mizani kila siku. Pima mara chache ili ujue beseni au mkokoteni wako hubeba kilo ngapi, kisha uandike katika daftari joto la nje la usiku huo, idadi ya mikokoteni, na kilichobaki asubuhi. Baada ya wiki chache daftari hilo litakuongoza kuliko mwongozo wowote, huu ukiwemo, kwa sababu litakuwa linaizungumzia nyumba yako.

Muda wa kupakia nao una uzito sawa na kiasi. Kuni mpya hutoa gesi nyingi katika saa za mwanzo, na gesi hiyo inataka hewa nyingi ili iungue. Kwa hiyo pakia wakati maji yamekaribia kiwango cha chini cha thamostati na matumizi ya nyumba yanakaribia kupanda, mathalani jioni kabla ya kuoga na kabla ubaridi wa usiku haujashuka. Shehena kubwa inayoingizwa saa tano asubuhi, wakati jua linaipasha nyumba na maji yamekwisha kufika nyuzi 82, huanza maisha yake kwa kunyimwa hewa, na ni nadra kupona. Ikilazimu kuongeza kuni mchana, ongeza vipande viwili au vitatu tu vya kulisha makaa.

Hatua ya nne: fungua mlango kwa utaratibu

Chumba kilichokuwa katika hali ya kusubiri kimejaa gesi ya moto iliyokosa hewa. Mlango ukifunguliwa kwa ghafla, hewa huingia yote kwa pamoja na gesi hiyo huweza kuwaka kwa mlipuko unaotoka mlangoni ukimkabili aliyesimama pale. Kwanza zima feni. Kama boila yako ina kilango cha kupitishia moshi moja kwa moja hadi kwenye dohani, kifungue. Kisha simama nyuma ya mlango, uso ukiwa umeuepusha, uufungue sentimita 2 au 3 tu, na usubiri walau nusu dakika mpaka usikie mvuto wa dohani umetulia. Ndipo uufungue wote polepole. Vaa glavu za ngozi na nguo zisizo za nailoni. Watoto wasiwepo karibu, hata kama wamezoea.

Usipakie maji yakiwa yamefika joto la juu na feni imetoka kusimama dakika chache zilizopita, kwa kuwa hapo ndipo gesi ni nyingi kuliko wakati wowote.

Hatua ya tano: kokota makaa, kisha panga kuni

Kabla ya kuingiza ukuni wowote, chukua kichocheo kirefu cha chuma na uyasambaratishe mabaki ya kuni zilizopita. Mara nyingi utakuta zimeshikana na kuta mbili zikaning'inia kama daraja, huku chini yake makaa yamekwisha na kubaki pengo tupu. Zivunje, ziangukie makaa. Kisha uyakokote makaa kwa reki hadi mahali hewa inapoingilia, ambapo katika boila nyingi ni upande wa mlangoni au katikati juu ya chekecheo la chuma, yaani wavu unaobeba makaa na kupitisha majivu. Makaa yaliyorundikwa nyuma kabisa, mbali na hewa, ni makaa yaliyopotea.

Kuni ziwe fupi kuliko kina cha chumba kwa sentimita 10 hivi, ili zishuke zenyewe zinapoungua. Tanguliza juu ya makaa vipande vilivyopasuliwa vyembamba, vinavyowaka upesi; juu yake weka vinene, na vya usiku viwe vile vya mviringo vyenye ganda, ambavyo huungua polepole kwa kuwa uso wake unaoguswa na moto ni mdogo. Zipange zikielekea upande mmoja na zikaribiane, kwani kuni mbili zinazotazamana kwa karibu hurudishiana joto, ilhali ukuni mmoja uliojitenga hupoa na kuzima hata katikati ya makaa. Acha hata hivyo nafasi ya hewa kupenya, na usizibe matundu yake kwa magogo. Katika boila zenye tundu la kushusha moshi, hakikisha tundu hilo liko wazi na limefunikwa na makaa madogo madogo. Gogo kubwa likilala juu yake huacha mianya mikubwa na moshi hupita bila kuungua.

Ukimaliza, funga mlango, rudisha kilango cha dohani, washa feni, na ubaki hapo dakika 10 hivi. Moto unaoshika vizuri huunguruma na moshi wake hupungua kadiri dakika zinavyokwenda. Moshi mzito mweupe au wa kijivu unaoendelea baada ya hapo unakuambia kwamba kuni ni mbichi, au makaa hayakutosha, au hewa haifiki.

Hatua ya sita: dhibiti hewa

Boila nyingi zenye vidhibiti vya umeme zina saa ya kupuliza, inayofungua hewa kwa muda mfupi hata kama maji hayajashuka, ili makaa yasife. Hapa inatakiwa subira. Anza na mpuliziko wa dakika moja katika kila nusu saa. Ukikuta asubuhi makaa yamefifia mno, fupisha kipindi cha kungoja kabla ya kurefusha mpuliziko wenyewe. Ukiona maji yanapanda kupita kiwango ulichoweka, punguza. Badilisha kimoja kwa wakati mmoja na ukiache siku kadhaa, vinginevyo hutajua kilicholeta nafuu.

Hewa inayoingia mahali isipotakiwa ni adui wa namna nyingine. Utepe wa kuzibia mlango ukichakaa, moto huendelea kuwaka hata kilango kikiwa kimefungwa, maji huchemka, na kuni za usiku kucha huisha kabla ya usiku wa manane. Boila ikiwa imepoa, bana kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu yake, kisha ukivute. Ukifanya hivyo kuzunguka mlango mzima, pale karatasi inapotoka bila kukaza ndipo penye mwanya. Kila wiki angalia pia kilango cha hewa, kwa sababu lami hukikwamisha, kikashindwa kufunguka na kuua moto, au kikashindwa kufungika na kuleta hatari iliyotajwa.

Hatua ya saba: majivu

Usiyatoe yote. Tabaka jembamba la majivu, la sentimita 2 hadi 5, huyafunika makaa kwa chini na kuyahifadhi yasinyonywe joto na sakafu ya chuma. Majivu yakizidi hapo huziba matundu ya hewa na kuchukua nafasi ya kuni. Yatoe wakati makaa ni machache, kwa kukokota makaa upande mmoja na kuchota majivu ya upande wa pili, kisha kubadilishana. Yaweke katika debe la chuma lenye kifuniko, juu ya ardhi isiyo na majani, mbali na ukuta wowote, kwani kaa lililofukiwa majivuni huweza kuishi siku kadhaa. Chini ya chekecheo ondoa yote, kila mara.

Siku za baridi ndogo

Mwanzoni na mwishoni mwa msimu ndipo moto huzimika zaidi, na ushauri wa kuongeza kuni ni ushauri mbaya kuliko wote. Tumia vipande vidogo vilivyokauka sana, kwa shehena ndogo, asubuhi mapema na jioni. Kama boila inakaa katika hali ya kusubiri kwa sehemu kubwa ya siku, ni afadhali kuuacha moto uishe na kuuwasha upya jioni kuliko kuulazimisha kufukuta siku nzima kwa ajili ya sifa ya kutozimika.

Dawa ya kudumu ni tangi la akiba. Lita 1,000 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 50 hadi 80 huhifadhi takriban kilowati-saa 35, ambazo katika siku ya baridi ndogo zingeipasha ile nyumba ya mfano wetu kwa karibu saa 12. Ukiwa na tangi, moto huwaka kwa nguvu na kwa ukamilifu, joto lake huwekwa majini, na boila hupumzika bila kufukuta. Gharama yake si ndogo na nafasi inayohitajika ni kubwa, lakini kwa anayejenga mfumo mpya singesita kumshauri aliweke tangu mwanzo.

Moto ukikaribia kuzima, au ukizidi

Ukikuta makaa machache tu, usitupie magogo. Yakusanye pamoja kwenye njia ya hewa, hata kama ni ya kujaza viganja viwili, weka juu yake vijiti vikavu vya msonobari, funga mlango, na uiache feni ifanye kazi robo saa. Vikiwaka, ongeza kuni nyembamba, na urudie hatua ya pili kwa ufupi hadi tabaka litengemae. Magogo nusu yaliyobaki yasogezwe pembeni kwanza, kwani ni baridi na yana unyevu wa moshi uliogandamana.

Umeme ukikatika, pampu na feni husimama. Usifungue mlango, maana utaupa moto hewa wakati maji hayaendi popote. Kama una jenereta au betri yenye kigeuza umeme, irudishie nguvu pampu kwanza, feni baadaye. Maji yakichemka licha ya hayo, hakikisha hewa yote imefungwa, endesha pampu na ufungue kila kipasha joto kilichomo nyumbani. Usimwage maji kwenye moto wala usiongeze maji baridi katika boila iliyokaukiwa ikiwa bado ina moto, kwa sababu chuma hupasuka na mvuke huunguza. Katika boila zilizo wazi kwa hewa, yaani zile ambazo maji yake hayafungiwi kwa shinikizo, bomba la kutolea mvuke juu yake lisizibwe kamwe kwa sababu yoyote, hata kwa muda.

Dohani, maji na mwisho wa msimu

Kagua dohani kila mwezi wakati wa matumizi na uisugue lami inapoanza kunenepa. Lami ikishika moto ndani ya dohani utasikia mngurumo mzito usio wa kawaida. Funga hewa na mlango, ondoka karibu na uite zimamoto. Lami iliyo kwenye kuta za chumba huondoka vyema kwa moto mkali wa kuni kavu, ukifuatiwa na kukwangua. Boila isimame mahali ambapo moshi hauelekei madirishani, na nyumbani pawe na king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokanayo na moto, kwa kuwa gesi hiyo haina harufu.

Maji ndani ya boila yawekwe dawa ya kuzuia kutu aliyoiagiza mtengenezaji, na yapimwe walau mara moja kwa mwaka. Kiwango chake kikishuka bila sababu, tafuta uvujaji kabla ya kuendelea kujaza. Mahali ambapo theluji huyeyuka kwa mstari ulionyooka kati ya boila na nyumba, joto la mabomba yaliyozikwa linapotea ardhini. Mabomba hayo yakishaingiwa maji katika kinga yake, moto utafanya kazi mara mbili bila nyumba kupata faida.

Msimu ukiisha, ondoa majivu yote siku ile ile boila inapopoa, kwa maana majivu hunyonya unyevu wa hewa na kuanza kukila chuma. Kwangua kuta, sugua dohani na uifunike juu mvua isiingie, acha maji yenye dawa yakiwa yamejaa, kisha uangalie utepe wa mlango na uagize mpya kama ile karatasi ya kupimia ilitoka bila kukaza. Kuni za msimu ujao ziwe tayari zimepasuliwa na kupangwa wakati huo.